Mjadala: Angels wanatumia vijana wa chuo vizuri au wanavundika ndizi changa?

Mleta mada:

Wakuu salama? Mimi nakaa huku kusini mwa California, natoka shifti saa tano usiku, na njia yangu ya kurudi ni ile barabara ya 57 inayopita ubavuni mwa uwanja wa Angels, timu ya besiboli ya huku, pale Anaheim. Nje ya uwanja kuna herufi A kubwa ya chuma, juu ina pete kama ya malaika, siku Angels wakishinda pete inawashwa taa. Nimezoea kuchungulia nikiwa naendesha. Sasa msimu wa 2025 wameshinda 72 wakapoteza 90, kwa hiyo mnaweza kukadiria giza nililolipita.

Kwa wasiofuatilia besiboli niwape picha haraka. Kila Julai timu 30 zinachagua vijana kwa zamu, inaitwa drafti, sio ile ya vifuniko vya soda kijiweni. Unaweza kuchukua dogo aliyemaliza sekondari au wa chuo kikuu, ila haendi timu kubwa moja kwa moja kama kwenye kikapu, anapelekwa ligi ndogo apande ngazi moja moja, wengi miaka mitatu minne, na wengi zaidi wanaishia huko huko jina lao hulisikii tena.

Angels wao hawana subira hiyo. 2021 walikuwa na nafasi 20 kwenye drafti wakachukua warushaji 20, yaani hata mpigaji mmoja wa kusingizia hakuna, na 19 kati yao walitoka vyuoni. 2022 wakamchukua Zach Neto, Aprili 2023 yuko ligi kuu. Julai 2023 wakamchukua Nolan Schanuel wa Florida Atlantic, nafasi ya 11, tarehe 18 Agosti dogo yuko ligi kuu, analinda besi ya kwanza mbele ya watu Anaheim, siku 40 tu! Kuna mahari zinachukua muda mrefu kuliko hapo. Na sababu ilijulikana, ndio ulikuwa mwaka wa mwisho wa mkataba wa nyota wao Shohei Ohtani, walitaka kuingia mtoano kwa nguvu zote ili asiondoke. Siku tano baada ya Schanuel kuitwa Ohtani akaumia kiwiko, timu ikamaliza 73 kwa 89, Desemba Ohtani kaenda Dodgers kwa dola milioni 700, na mwaka uliofuata Angels wakapoteza mechi 99, rekodi mbaya kuliko zote kwenye historia yao.

Mtoano mara ya mwisho 2014. Hakuna timu ya ligi kuu iliyokaa nje muda mrefu kama wao sasa hivi. Halafu Julai 2025 wakiwa na nafasi ya pili kwenye drafti yote wamechukua tena mrushaji wa chuo, Tyler Bremner wa UC Santa Barbara, na tayari watu huku wanaulizana ataitwa lini.

Hoja yangu ni hii, drafti ni shamba, sio genge la jioni. Huendi shambani saa kumi na mbili kutafuta nyanya za mboga ya leo. Nakaribisha mapovu.

Mdau wa Toronto:

Buda unaongea vizuri lakini umeruka mtu mmoja kwa makusudi. Trey Yesavage! Mimi ni Mkenya niko Toronto, huku hatukulala Oktoba yote. Huyu kijana tulimtoa East Carolina kwenye drafti ya 2024, nafasi ya 20, Aprili 2025 alikuwa anarusha ngazi ya chini mbele ya wazee wa kustaafu kule Florida, Septemba akaitwa, Oktoba yuko fainali dhidi ya Dodgers, mechi ya tano, amewatoa wapigaji 12 kwa straiki bila kumpa hata mmoja matembezi ya bure, mchezaji wa msimu wa kwanza hajawahi kufanya hivyo World Series, yaani fainali yenyewe. Tulipoteza mechi ya saba, sawa, bado inauma, msinikumbushe. Lakini bila huyo kijana wa chuo hatufiki hapo. Kijana wa chuo ana miaka 21 au 22, ni mtu mzima, akiwa tayari mwache afanye kazi, mbona umweke kwa friji?

Na Neto unamtaja kama kosa? 2024 amepiga homurani 23 na kuiba besi 30. Ndiye mchezaji mzuri kabisa mlio naye sahii.

Mdau wa Kampala:

Mimi nasimama katikati. Huku Uganda tunaangalia upande wa pili kabisa, vijana wetu hawapiti kwenye drafti, ile ni ya wanaosoma Amerika na Kanada, wa kwetu wanasainiwa tu. Dodgers walichukua wawili 2022, Pirates wakamsaini David Matoma 2023, mrushaji, mkono wake una moto. Na huyo hakuna anayemkimbiza, anapanda taratibu, basi. Najiuliza mbona mtoto wa kutoka mbali anapewa muda na wa chuo cha Amerika anaambiwa leo leo? Labda ni pesa. Wa chuo kalipwa mamilioni siku ya kwanza, mwenye mali anataka aone kazi.

Mleta mada:

Mdau wa Toronto umenibana kwa Neto, nakubali, huyo kawiva kweli. Ila hebu mtazame Yesavage wako vizuri. Baada ya drafti 2024 hakurusha hata mechi moja, walimpumzisha. 2025 kapita ngazi zote nne, Dunedin, Vancouver, New Hampshire, Buffalo, hakurukishwa hata moja. Na alipopanda alikuta timu inaongoza kundi lake, imeshinda mechi 94 mwisho wa msimu. Alikaribishwa kwenye nyumba iliyoezekwa. Schanuel yeye alipewa bati na nyundo.

Ndizi ukivundika inaiva, bibi yangu alikuwa anafukia shimoni na majani makavu, siku chache unakula. Lakini alikuwa anapapasa mkungu kwanza, unaona mikunjo ya ndizi imejaa ndio unakata. Ukikata changa ukavundika haiivi, inasinyaa tu na kuwa nyeusi. Wa chuo amekomaa ndiyo, simaanishi wote ni changa, nasema Angels hawapapasi.

Mtu atasema hata Mike Trout, nyota wa Angels, aliitwa akiwa na miaka 19. Sawa, ila alikuwa wa sekondari, nafasi ya 25 mwaka 2009, wakamwacha ligi ndogo karibu miaka miwili. Mchezaji bora waliowahi kumpata kwenye drafti hakutoka chuo na hakukimbizwa na mtoano wa mwaka ule! Mpaka leo kacheza mtoano mara moja tu, mechi tatu za 2014 na Royals, zote wakafungwa. Mkataba wa dola milioni 426 na jamaa kila Oktoba yuko nyumbani.

Mdau wa Toronto:

Lakini sasa mko na kocha mpya, Kurt Suzuki, na Bremner alikubali pesa kidogo kuliko nafasi yake, kama milioni 7.7 hivi mahali pa zaidi ya 10, chenji ikaenda kwa vijana wa sekondari. Si hiyo ndiyo subira unaililia?

Mleta mada:

Hiyo ndiyo sehemu pekee iliyonipa moyo, na nilikuwa sijataka kuisema mapema nisiharibu mada yangu. Bremner ana chenjiapu, ule mrusho wa polepole wa kumdanganya mpigaji, inazama kama jiwe kisimani, hiyo hata wapigaji wa Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo, wataikosa. Lakini warushaji kwenye timu kubwa wakianza kuumia Mei, na huwa wanaumia, simu ya kwanza itapigwa kwake. Naweka pilau ya watu wanne hapa, asipoitwa kabla ya Agosti 2026 napika mimi, akiitwa anapika wa Toronto, nauli ya kunifuata ni juu yake.

Mdau wa Kampala:

Mimi nakuja kula pande zote mbili.