Mrejesho: Mdogo wangu ameingia sayansi Makerere

Ndugu zangu, niliuliza kama mdogo wangu, aliyekosa nafasi ya udaktari akiwa na fizikia, kemia na baiolojia, achukue sayansi za kibaiolojia Makerere au asubiri mwaka. Ameingia, na nawashukuru sana.

Aliyenieleza uzito wa masomo katika kuchagua wanafunzi alinifungua macho: alama za somo la msingi kwa kozi huzidishwa kwa 3, za linalohusiana nayo kwa 2. Matokeo yaleyale hupimwa tofauti kozi kwa kozi.

Kilichomteka ni hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Mmea hubanwa katikati ya magazeti mpaka ukauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo: jina, mahali ulipochumwa, tarehe, aliyeuchuma. Alinitumia picha ya tawi la mvule alilokausha mwenyewe, mishipa ya majani yote inahesabika. Nimefurahi mno.

Sasa anataka kwenda kituo cha utafiti cha chuo kilichoko Kanyawara, msitu wa Kibale magharibi mwa Uganda, wanakochunguzwa sokwe. Udaktari hautaji tena. Aliyewahi kukaa huko anisaidie: mbali na gambuti na koti la mvua, nimnunulie nini?