Naombeni ushauri: gari inatetemeka ikiwashwa injini ikiwa baridi

Habari zenu wakuu. Nina gari ya zamani ya petroli, inayotumia nozeli (za kupulizia mafuta, si kabureta). Asubuhi inawaka vizuri, lakini ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, inatetemeka sana, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka kati ya 500 na 900, mara nyingine inazima kabisa. Injini ikishapata moto inatulia kana kwamba haijawahi kuumwa. Taa ya injini haiwaki.

Plagi ni mpya, chujio la hewa safi, throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) imesafishwa. Hali ni ileile.

Wasiwasi wangu mkubwa ni sensa ya joto la maji. Ikiidanganya kompyuta ya gari kwamba injini ina moto, mafuta yanapungua wakati ule hasa yanapohitajika zaidi. Nikiipima ohomu (ukinzani wa umeme) ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, nitegemee kati ya 2,000 na 3,000? Au nianze na valvu ya hewa ya sailensa, au mipira ya vakyumu (mabomba ya mpira ya mvuto wa hewa wa injini) iliyokauka?

Sipendi kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Aliyewahi kukutana na hili, alianzia wapi kupima?