Estomih, Loserian au Jayden? Mtoto ana siku nne, naombeni ushauri

BabaMpya_Sakina
Wakubwa shikamooni, wengine habari za Arusha na Moshi. Mke wangu kajifungua dume Jumatano, kilo 3.4, wote wazima, Mungu ni mwema. Sasa kazi imebaki kwenye jina. Yaliyo mezani ni matatu. Estomih ni jina la baba yangu mzazi, sisi ni wa Machame. Loserian ni la baba mkwe, wao Waarusha wa Ngaramtoni. Jayden ndilo analolitaka mke wangu mwenyewe. Jumapili wazee wanapanda gari kutoka Moshi na nataka wakute jambo limeisha. Lipi litamfaa mtoto hadi uzeeni? Nataka hoja, matusi pelekeni kwingine.

Kiborloni1
Estomih. Wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Hili halipigiwi kura. Modereta funga uzi.

MamaWawili
Uzi usifungwe, jamaa hajasema kitu. Huyu ni mtoto wa ngapi? Hao babu wote wawili wako hai? Jina lako wewe ni nani, na ukoo je? Huku kwetu mtoto ataitwa kwa majina matatu maisha yake yote, huwezi kuonja la kwanza bila mawili yanayofuata. Jayden akifuatiwa na Aminieli ni kuvaa kiatu cha ngozi mguu mmoja na kandambili mwingine.

NdiziMshare
Jayden hapana mkuu. Chekechea ya mwanangu hapa Njiro wako watatu darasa moja. Mwalimu anawaita Jayden mrefu, Jayden wa bodaboda, na Jayden anayelia. Wa kwangu ndiye anayelia.

PoaTu
@NdiziMshare 😂😂 kwa hiyo na wewe ulimwita Jayden halafu unamkataza mwenzio?

NdiziMshare
Ndiyo maana namkataza.

Loshoro
Ndugu, swali la MamaWawili usiliruke. Baba mkwe yuko hai? Kama ametangulia, usiende na Loserian kichwakichwa. Kwetu wazee wa zamani hawatamki ovyo jina la marehemu. Bibi yangu mpaka leo akimzungumzia babu anasema "yule wa ng'ombe wekundu", na babu alikufa mimi nikiwa darasa la pili. Vijana wa mjini hawajali tena, ila mama mkwe wako ndiye atakayeishi na hilo jina, kila siku mnamwita mtoto aje kula. Muulize yeye kwanza. Jina lenyewe ni zuri, ndani yake kuna neno letu la amani.

PoaTu
Mimi sioni tatizo la Jayden. Mnalia eti la kizungu, kwani Estomih ni Kichagga? Nionyesheni kihamba, shamba la ukoo la Kichagga, ambacho neno hilo liliota.

Kiborloni1
Estomih ni jina la kwetu kabisa. Babu zetu wameitwa hivyo.

MwalimuMstaafu
Kijana PoaTu amegusa jambo, ingawa kwa ukali. Estomih ni Kilatini. Kwenye kalenda ya Walutheri, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima inaitwa Estomihi, kutokana na maneno ya Zaburi 31 yanayofungua ibada ya siku hiyo: uwe kwangu mwamba. Exaudi ni Jumapili baada ya Kupaa, Zaburi 27, usikie. Rogate ni ya tano baada ya Pasaka, ombeni. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kalenda yao mkononi, na mtoto aliyezaliwa karibu na Jumapili hiyo akapewa jina lake. Ndiyo maana mlimani pamejaa akina Exaud na Estomih, na ukienda Dar ukijitambulisha hivyo wanakuuliza mara tatu. Waliokuja baadaye wakajifunza Kiingereza, wakaanza kuwaita watoto Godlisten. Godlisten ni Exaud aliyevaa suti mpya.

Kwa hiyo muulize mzee wako alizaliwa mwezi gani. Ikiwa ni Februari, jina limekaa mahali pake.

RomboMkuu
Sisi Wakatoliki hatuna kelele hizi. Unamwuliza padri, unapewa mtakatifu, unakwenda nyumbani.

Kiborloni1
Ndiyo maana Rombo nzima ni akina Remigi.

RomboMkuu
Na Machame nzima ni akina Eli. Elisante, Elinami, Elirehema, Elibariki, Elifuraha. Ukiita "Eli!" sokoni mbuzi tu ndio hawageuki.

FundiSimu_Mianzini
Wakuu mnacheka ila ngojeni niwaeleze kuhusu herufi, maana hakuna aliyezitaja. Mimi ni Exaud. Baba aliandika vizuri kabisa kwenye daftari la nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kikatoka "Exsaud", maana aliyeandika alisikia hivyo. Shule ya msingi nikawa Exaud. Sekondari, mwalimu aliyekuwa anajaza fomu za mtihani wa kidato cha nne akaona Y inapendeza mwishoni, nikafanya mtihani kama "Exaudy" na cheti kikatoka hivyo hivyo. Kitambulisho cha taifa, Exaud. Watu watatu ndani ya suruali moja.

Nikapata kazi kampuni moja ya utalii, sitaitaja. Nimeshafanya usaili, nimeshapimwa sare. Siku ya kuwasilisha vyeti yule dada wa ofisini akavipanga mezani kama karata, akachukua kalamu nyekundu akazungushia S, akazungushia Y, akaniuliza "wewe ni yupi kati ya hawa?" Nikadhani utani. Akaniambia nirudi na kiapo cha majina. Wakili akataka hela yake. Kiapo kikatoka, wakasema cheti cha kuzaliwa lazima kirekebishwe kilikoandikishwa, yaani Moshi. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza mhusika yuko likizo, ya pili mtandao hakuna, ya tatu wakataka kadi yangu ya kliniki. Kadi ya kliniki ya mwaka 1991! Mama aliitafuta kwenye sanduku la kanga siku nzima, akaipata imeliwa na mende upande wenye jina. Ya nne wakakubali. Narudi kazini, nafasi ina mtu. Sasa hivi nabadilisha vioo vya simu.

Kwa hiyo mkuu, hiyo H ya mwisho ya Estomih. Nani atakumbuka kuiandika? Utasimama dirishani na kuhesabu herufi moja moja?

NdiziMshare
Mende upande wenye jina 😭 pole sana kaka.

PoaTu
Jayden nayo ina Y katikati. Nimemwona Jaiden, Jeyden na Jeideni kwenye mbao za matokeo.

BabaMpya_Sakina
Asanteni. Nilikuwa hospitali, tumeruhusiwa leo. Majibu: baba mkwe alifariki 2021. Baba yangu yupo, ana afya. Jina la ukoo nalihifadhi. Na huyu ni wa kwanza wa kiume kwa mke huyu.

MamaWawili
Kwa mke HUYU.

BabaMpya_Sakina
Nina kijana wa miaka saba, yuko Moshi kwa mama yake. Anaitwa Estomih.

Kiborloni1
Khaa! Mangi, umetuzungusha siku nzima? Jina la babu limeshatoka. Huyu ni wa pili, ni zamu ya ukweni. Nafuta ushauri wangu.

RomboMkuu
Kila nyumba inajihesabia. Huyu ni wa kwanza wa nyumba hii. Babu mmoja anaweza kuwa na wajukuu watano wa jina lake, nimeona kwa macho yangu Krismasi. Mzee anaita jina, mlango mzima unaitika.

Kiborloni1
Wajukuu wa kaka tofauti, sawa. Ndugu wa baba mmoja? Majina yote matatu yatafanana herufi kwa herufi! Mwambie fundi simu akueleze kitakachotokea.

FundiSimu_Mianzini
Mimi sitaki hata kufikiria.

MamaWawili
Niachieni niulize kitu kimoja. Mkeo anajua kuna Estomih mwingine?

BabaMpya_Sakina
Anajua. Tangu kabla ya ndoa.

MamaWawili
Basi Jayden hakutoka kwenye runinga. Mwanamke anatafuta jina ambalo halijavaliwa na mtoto wa mwenzake. Uliwahi kumuuliza sababu, au ulimwambia tu ni la kizungu?

BabaMpya_Sakina
Nilimwambia ni la kizungu.

Loshoro
Zungumza naye kabla ya Jumapili, halafu mkamwone mama mkwe pamoja. Akiogopa Loserian, mwiteni Amani, maana ni ileile na hakuna marehemu anayeguswa.

Kiborloni1
Amani ni jina la daladala.

MwalimuMstaafu
Jumapili isikukimbize. Kuandikisha kizazi sheria inakupa siku 90. Wazee waje, wale, wamshike mtoto, waondoke. Wala sioni ubaya mtoto akakaa wiki tatu bila jina.

NdiziMshare
Mambo ya maana: mzazi anakunywa nini? Mtori umeshaanza? Asipikiwe kwa ndizi za kawaida tafadhali, tafuta mshare.

RomboMkuu
Na kisusio. Mbuzi achinjwe nyumbani, siyo nyama ya kununua bucha.

Loshoro
Damu kwenye supu tena, Wachagga bwana.

RomboMkuu
Mwarusha ananisema mimi kwa habari ya damu? 😂

BabaMpya_Sakina
Mama mkwe ameingia jana usiku na galoni la maziwa. Nimejaribu kumuuliza, akasema tutaongea. Yeye anamwita mtoto "mzee" tu. Mke wangu naye ameanza kumwita mzee. Kadi ya kliniki bado inasoma "Mtoto wa Neema".

MamaWawili
Na lile swali umemuuliza?

Kiborloni1
Aliye sokoni leo atuambie, mshare mkungu mmoja bei gani? Juzi wamenitajia bei nikadhani wananiuzia na shamba.