Ungo unapaa Sumbawanga hadi Dar kwa dakika 10, halafu mahindi yanaoza kwa kukosa lori! Waandishi wa fantasia, hesabu zenu ziko wapi?

Wakuu, nimekuja kulalamika na sizunguki. Hadithi zinazochanganya uchawi na teknolojia zinamiminika, na nyingi zinaharibikia palepale: mwandishi anampa mhusika nguvu, anaitumia kwenye tukio moja, kisha anaisahau. Dunia inabaki vilevile kama nguvu hiyo haipo.

Chukueni huo ungo, uko kwenye hadithi moja inayotoka kwa sehemu. Sehemu ya tatu, bibi mchawi anapakia wanaume watatu na kushuka nao Dar. Sehemu ya saba, kijiji hichohicho mavuno yanaozea shambani. Tupige hesabu. Wanaume watatu ni kama kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100. Kwenda na kurudi dakika 20, safari tatu kwa saa. Wachawi 20 wanashusha magunia 120 kila saa. Shehena ya lori la tani 30 wanaimaliza kwa saa mbili na nusu! Bei ya unga Dar ingeshuka, na wenye malori wangekuwa maadui wa kwanza wa bibi. Hiyo ndiyo hadithi, na mmeipita bila kuiona.

Kama hamuitaki, wekeni sharti, na sharti liume palepale nguvu inapofanya kazi. "Mchawi huchoka sana" si sharti, maana analala aya moja anaamka mzima. Semeni hivi: ungo hauruki na nafaka. Ukiguswa na punje moja tu, unarudia kazi yake ya kupepeta na unaanguka na aliyemo. Sasa mahindi yana sababu ya kungoja lori, na mtoto mwenye punje mfukoni anaweza kumwangusha mchawi.

Ramli na simu nazo msizipe kazi moja. Kama bakuli la maji linaonyesha kila kitu popote, simu ni ya nini? Simu inataka mnara, chaji na vocha. Bakuli lionyeshe ya jana tu, bila sauti.

Kwenye vita ndiyo mnaboronga kabisa. Dawa ya kuzuia risasi tunayo kwenye historia yetu: mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, aligawa maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na Agosti mwaka huohuo wapiganaji waliovamia boma la Mahenge wakafyekwa kwa bunduki za rasharasha. Mwandishi anasema, "katika dunia yangu dawa ilifanya kazi, Wajerumani wakakimbia." Wakimbie kwa nini? Walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Dawa ya risasi haizimi moto ghalani. Kila mkiandika kinga, jiulizeni adui atahamia silaha gani kesho yake.

Linaloniuma zaidi ni kugawa dunia mafungu mawili: uchawi kijijini, mashine mjini. Nani kawaambia? Tazameni tanuri la kuyeyushia chuma la zamani la Wafipa, watu wa hukohuko Sumbawanga. Lilikuwa mnara wa udongo wa takriban mita 3, halikuwa na mivukuto, hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Ndani mlipakiwa makaa ya miti na mawe ya chuma. Na dawa iliwekwa humohumo, na mafundi walikuwa na miiko yao, hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Kwa fundi, makaa mazuri na mwiko vyote vilikuwa masharti ya kazi ileile. Chuma kikitoka kibovu, maelezo yalikuwa mengi: huenda makaa yalikuwa na unyevu na joto halikupanda. Huenda mavi ya chuma, yaani takataka zinazoyeyuka, yaliziba mirija ya upande mmoja, tanuri likapoa nusu. Au kuna aliyevunja mwiko. Andikeni mafundi wanabishana mbele ya mrija ulioziba, kila mmoja na ushahidi wake, na msiwahi kutuambia nani yuko sahihi.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, nakuunga mkono, ila hesabu zisimwagwe kwenye hadithi. Zikae daftarini. Msomaji aone matokeo: nyumba za wenye pesa zimemwagiwa mahindi juu ya bati, na kuna kijana analipwa kufukuza njiwa. Hapo keshaelewa kanuni ya ungo bila kuhubiriwa.

Mchangiaji wa 2: Na ambaye hadithi yake imeshafika sehemu ya 40? Aandike upya yote?

Mleta uzi: Asiandike upya. Apitie sehemu zote na kuorodhesha kila mara nguvu ilipotumika: nani, saa ngapi, hali ya hewa, alibeba nini. Kisha atafute kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kama katika sehemu zote 40 ungo haujawahi kuruka mvua ikinyesha, mvua ndiyo sharti lake, na hakuna mstari wa nyuma unaoguswa. Ila alitaje mapema, sehemu nne au tano kabla ya kumkwamisha mhusika nalo. Akilitoa siku ileile ya kukwama, wasomaji watajua amelitunga jana usiku, na watakuwa na haki ya kukasirika.