Naomba ushauri: mwili mwembamba ila kitambi, na sukari imeanza kupanda

Wakuu habari zenu, mimi mwanaume miaka 41, kilo 74 tu, mikono na miguu myembamba ila kitambi kipo, suruali nafungia chini ya tumbo kabisa. Juzi nimepima sukari asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.3, dokta akanizungushia futi kama ile ya fundi cherehani kiunoni ikaja sentimita 102, akasema kwa mwanaume ikishapita 94 hatari inaanza. Sasa kilichonichanganya, anasema mafuta ya ndani ya tumbo hayakai tu kama mzigo, yanatoa homoni, leptini inapanda mpaka ubongo unakuwa sugu hausikii tena kwamba umeshiba, halafu adiponektini ile inayosaidia insulini ifanye kazi inashuka. Mi nilijua homoni ni mambo ya kina mama bana!

Naombeni ushauri, kuna haja ya kutafuta maabara nipime hizo homoni au ni kupoteza hela, nipambane na kiuno tu? Na aliyewahi kushusha kitambi alianzia wapi, maana chipsi mayai za usiku nimeacha wiki ya pili sasa, ila ugali wa mama watoto ndo mtihani.