Naomba ushauri: usalama wa manesi usiku, wodi ya akili

Wenzangu mlio wodi za akili Kisumu, Kakamega na Nakuru, hamjambo? Zamu ya usiku tuko manesi wawili, askari yuko mbali langoni.

Kumshika mgonjwa aliyechachamaa kunataka watu watano: mmoja kwa kila mkono na mguu, wa tano kichwani, azungumze naye huku akitazama anavyopumua. Mkiwa wawili, mgonjwa huishia kulazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongo, na hapo pumzi hukatika. Sindano ya haloperidoli 5 mg na promethazini 50 mg huchukua kama nusu saa kutuliza. Nusu saa hiyo ndiyo inayotuumiza.

Mlango wa chumba cha dawa unafunguka kuelekea ndani. Mgonjwa akiingia na kuuegemea, nesi amefungiwa humo. Kamba ya kitambulisho shingoni tumeiacha, kwani ikivutwa haikatiki.

Je, nani ametumia kengele ya mfukoni isiyo na waya? Inasikika hadi langoni stima ikipotea, au kipenga ni bora? Na askari na wahudumu wa usafi mnawafunza vipi kushika bila kukunja viungo, na kila baada ya muda gani? Nisaidieni, tafadhali.