Fundi kaipaka manowari yangu matope ya kifaru! Laki tatu na miezi saba ya kazi vimekwenda na maji

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na una povu, asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Mimi naunda modeli za meli. Si biashara, ni ugonjwa wangu wa jioni nikitoka kazini. Kukata, kupiga msasa, kugundisha, kukunja vireli vya shaba vyembamba kama unywele, yote nafanya mwenyewe. Kinachonishinda ni kupuliza rangi, kwa sababu nina pumu. Thina imeshanilaza hospitali mara mbili, na mama watoto aliapa kwamba siku nikiwasha kompresa ndani ya nyumba ile, yeye na watoto wanahamia kwao. Kwa hiyo rangi nawapa mafundi.

Safari hii nilikuwa na Königsberg, 1/350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe. Shemeji yangu aliniletea kutoka Ujerumani boksi lipo mapajani kwenye ndege, hakuthubutu kuliweka kwenye begi. Miezi saba nimeijenga. Watu wa Rufiji hamhitaji kuelezwa hii ni meli gani, ila kwa wengine: ni manowari ya Wajerumani iliyofika Dar es Salaam Juni 1914. Septemba 20 mwaka huo ikaivamia alfajiri manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga Zanzibar inatengenezwa mitambo, ikaizamisha. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani mpaka leo. Baada ya hapo injini zake zenyewe zikagoma, ikarudi kujificha delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Vipande vya boila vilikokotwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar vikatengenezwe, kisha vikakokotwa kurudi. (Hao waliokokota hakuna anayewaundia modeli, lakini huo ni uzi wa siku nyingine.) Waingereza walifunga milango ya delta, wakahangaika nayo hadi Julai 11, 1915, ndipo monita mbili (manowari za maji mafupi zenye mizinga mikubwa), Severn na Mersey, zikaipiga mpaka kapteni wake, Looff, akaamuru ilipuliwe.

Mama yangu ni mtu wa Salale, huko huko delta ya Rufiji. Hiyo meli kwangu si meli ya kwenye vitabu.

Sasa kuna fundi mmoja hapa mjini, simtaji jina kwa sababu sheria za jukwaa nazijua na kwa sababu mwenyewe atajijua. Ana ukurasa wake, video nzuri, muziki chini, kifaru kinazungushwa kwenye kisahani huku taa zinawaka. Vifaru vyake ni vizuri, hilo simnyimi. Tope kwenye minyororo, rangi imebanduka pembeni, kutu kwenye ekzosi. Nikajua nimepata mtu. Tukakubaliana 350,000, nikamtumia 300,000 kwa simu siku hiyo hiyo, 50,000 nikabakiza ya kupokelea mzigo.

Nikamwandikia kurasa tatu. Sikumwambia "ipendezeshe". Nilimwandikia: meli iko Rufiji, Februari 1915, bado ni meli ya kijeshi, ina mabaharia, inafuliwa, inafagiwa, mizinga yake 10 inapakwa mafuta kila siku. Haina gati la kwenda kupakwa rangi upya, kwa hiyo kijivu kimepauka kwa jua, zaidi juu kuliko ubavuni. Kutu ianzie kwenye tundu la mnyororo wa nanga na chini ya matundu ya kumwagia maji ya sitaha, iteremke wima, iwe nyembamba, iishie bila kuonekana imeishia wapi. Dohani tatu, masizi mdomoni tu, kwa sababu makaa ya mawe walikuwa hawana: Somali, iliyokuwa ikiwabebea, ilishachomwa moto Novemba. Chini kabisa kwenye mstari wa maji, ukanda mwembamba wa kijani cha mwani. Basi. Nikamchorea na mchoro.

Akanijibu: "Mzee, tulia, hii kazi ndogo."

Wiki tano. Halafu naona video kabla sijaona meli. Imeshapandishwa, muziki, kisahani kinazunguka, watu wanamwaga sifa chini: "fundi noma", "hii imetoka baharini kweli". Mimi niko kwenye daladala, nimeshika simu, nikadhani data inanichezea rangi.

Boksi lilipofika nikalifungua mezani. Wakuu, naomba nieleze nilichokiona kwa utaratibu maana hasira inanikosesha mpangilio.

Rangi ya chini ni praima ya gari, ile rangi ya msingi. Kijivu cha kuiva, kile cha kopo, hakijachanganywa na chochote. Mtu yeyote aliyewahi kusimama pale Ferry akatazama meli zilizotia nanga nje anajua kwamba hata bluu iliyoiva ikiwa mbali huonekana imefuliwa mara mia. Hewa inakula rangi. Modeli ya sentimita 33 ni meli ya mita 115 unayoitazama kwa mbali, ndiyo maana rangi huongezwa nyeupe kidogo. Hilo nalo nililiandika, ukurasa wa pili, nikapiga mstari chini.

Juu ya praima, kutu. Rangi ya chungwa. Kutoka omo hadi tezi, juu ya mizinga, juu ya mlingoti, juu ya mashua za mbao! Wakuu, mbao ilianza lini kushika kutu? Michirizi mingine inakwenda ulalo, kana kwamba mvua ya Rufiji ilinyesha ubavuni. Nimechukua rula. Mchirizi mmoja chini ya nanga una upana wa milimita 3. Pigeni hesabu: kwenye 1/350 milimita moja ni sentimita 35. Huo mchirizi ni zaidi ya mita moja. Hapo si kutu inateremka, hapo ni mlango wa banda la kuku umeegeshwa kwenye meli.

Na vidoti. Amedonoa vidoti vya rangi iliyobanduka sitaha nzima kwa sponji, kama anavyofanya kwenye vifaru. Kila kidoti milimita moja na ushei, yaani rangi imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, mahali mia mbili, na baharia wa milimita 5 amesimama katikati anatazama mbele kama hajaona kitu. Hapo ndipo nilipoelewa tatizo lake lote. Kifaru anachokijua yeye ni 1/35. Tone la tope la milimita moja kwenye kifaru ni sentimita tatu na nusu, tope la kawaida kabisa. Lihamishie kwenye meli yangu na linakuwa kubwa mara kumi. Mkono ni ule ule, sponji ile ile, hakugeuza hata kipimo kimoja kichwani.

Nikampigia. Tena kwa upole, mama watoto ni shahidi. Akaniambia, "Bosi, si ilizama hiyo? Nimeangalia picha mtandaoni, ina kutu yote."

Ameangalia picha za mzoga! Zile picha za meli imelala ubavu kwenye tope la Rufiji baada ya kulipuliwa, mizinga ilishatolewa ikaenda kupigana nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo aliyoipaka. Halafu juu ya mzoga huo kaniachia mabaharia wangu, kamba yangu ya nguo zilizofuliwa, na bendera inapepea. Maiti anaanika nguo.

Lakini lililonichoma zaidi ni tope. Kapiga mstari wa tope kuzunguka meli yote, sentimita nzima juu ya mstari wa maji, umekauka vizuri, na nyufa juu. Nikamuuliza hili tope limefikaje kwenye madirisha ya duara? Akasema, kwa kujiamini kabisa, "Maji kujaa na kupwa, mzee. Si ilikuwa delta?"

Jamani. Nguzo ya gati inashika alama ya maji kujaa kwa sababu nguzo haisogei. Mkoko unashika alama kwa sababu mkoko hausogei. Meli INAELEA. Maji yakipanda inapanda nayo, yakishuka inashuka nayo. Bamvua ije, maji mafu yaje, mstari wa maji uko pale pale ubavuni. Mtoto yeyote wa Kibiti aliyewahi kufunga mtumbwi kwenye kigingi anajua hili bila kufundishwa. Na hata tuseme ilikaa juu ya tope maji yakipwa, tope litashika chini, kwenye mkuku na tumbo, pale ambapo meli ikielea hupaoni. Kulifikisha kwenye madirisha, labda waliimwagia kwa ndoo.

Babu yangu alikuwa na jahazi. Kila lilipopandishwa ufukweni walilikwangua tumbo, wakalikalafati, wakapaka deheni. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kushika kopo. Ukikaa chini ya chombo kimepandishwa, unaona wazi mpaka wa mwani unaishia wapi, umenyooka kama umepigwa uzi. Na mwaka juzi nilikwenda Mombasa nikapitia Ngome ya Yesu, kuna mzinga wa Königsberg yenyewe pale. Nilikaa nao hadi mlinzi akaanza kunitazama vibaya. Ule mzinga umekula hewa ya chumvi miaka yote hiyo, na bado kutu ukiitazama kwa karibu ina adabu: inaanzia chini ya kichwa cha bolti, kwenye maungio, mahali maji yanapotuama, halafu inateremka. Katikati ya bapa la chuma, hakuna kitu. Kutu ina njia zake. Haimwagwi kama mchuzi juu ya wali.

Nikajaribu kuokoa. Kwa kawaida kazi hii inarekebishika: chini unaweka akriliki, unafunika na vanishi ya kung'aa, unaiacha ikauke siku mbili, ndipo unapita na rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Unachora mchirizi, unauvuta chini kwa brashi kavu, usipoupenda unaufuta na kijivu cha chini hakiguswi. Yaani makosa yana ruhusa. Yeye hakuweka vanishi. Kapaka kutu iliyochanganywa na thina kali ya gari moja kwa moja juu ya praima, vimeungana vimekuwa kitu kimoja. Ganda la meli ni la rezini, limevumilia. Mashua mbili za plastiki zimeyeyuka midomo kama mishumaa. Vireli vya upande wa kushoto vimejaa rangi mpaka matundu yamezibwa. Usiku mmoja mzima wa macho yangu na koleo, sasa ni ukuta.

Nimeshaanza kuichubua. Spiriti, mswaki wa watoto, dirisha wazi, barakoa mbili. Dakika kumi nafanya kazi, nusu saa napumzika. Jana nimemaliza dohani moja.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimeona majibu yenu. Anayesema "mbona imependeza tu mkuu", sawa, kila mtu na macho yake, lakini sikulipia kupendeza, nililipia Februari 1915. Anayesema ningempa picha: nilimpa picha sita na mchoro. Anayesema nimtaje ili asiwapige wengine: simtaji. Ukitaka kumjua, ukiona manowari yenye tope la shambani, ndiye huyo. Na yule aliyeuliza kama bado atalipwa ile 50,000 iliyobaki, nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, asante.

NYONGEZA YA PILI: Kaniblock kila mahali, ila video hajaifuta na sifa zinaendelea kumiminika. Fundi, najua uzi huu unausoma, maana kuna mtu mmoja amejiunga leo na anakutetea kwa maneno yako yale yale ya "kazi ndogo". Sitaki laki tatu. Hiyo nimeshaizika. Meli ilikuja kwako na milingoti miwili, imerudi na mmoja. Ule wa nyuma nimeutafuta ndani ya boksi, ndani ya pamba, hadi kwenye gazeti ulilofungia, haumo. Ni sindano ya shaba ya sentimita kumi hivi, ina kijukwaa kidogo katikati na uzi mweusi umening'inia. Cheki chini ya kile kisahani chako kinachozunguka. Mtume bodaboda Jumamosi kabla ya adhuhuri, nauli nitalipa mimi.